Rangi Inabanduka Magotini: Mwongozo Kamili wa Kuunga na Kupaka Sanamu Ndogo za Plastiki kwenye Hewa ya Tanga

Tangu mvua za vuli zilizopita nimeletewa hapa Chumbageni sanamu kumi na moja zenye ugonjwa mmoja. Rangi imebanduka magotini, mabegani na kwenye ncha ya bunduki, yaani kila mahali kidole kinapogusa. Tatu kati yake zimefunikwa na weupe kama wa chumvi, na weupe huo haufutiki. Wenye sanamu hizo wote walishabadilisha rangi. Mmoja aliagiza seti nzima ya rangi za Vallejo kutoka nje, akasubiri wiki sita, akapaka, ikabanduka vilevile.

Nimezitazama zote kwa lenzi. Rangi zilikuwa nzima. Ama plastiki haikuoshwa, ama praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine, ilipulizwa siku ya mawingu, ama mkono wa pili wa rangi ulipigwa wa kwanza ukiwa bado mbichi. Hewa ya pwani inataka subira, na miongozo mingi tunayoisoma imeandikwa na watu wasioishi na bahari mlangoni.

Maelezo haya yanahusu sanamu za watu za plastiki, kuanzia kipimo cha 1/72 hadi 1/35. Kwa 1/72, mtu wa sentimita 180 anakuwa na milimita 25. Kwa 1/35 anafika kama milimita 51. Hatua ni zilezile kwa zote, ila macho na vifungo vya nguo utavipata kwa urahisi zaidi kwenye kubwa.

## Vifaa: kusanya vyote kabla ya kufungua boksi

Vya kuagiza kutoka nje, kwa sababu sijaona mbadala wa kuaminika:

- Gundi ya kuyeyusha plastiki. Natumia ya Tamiya, ile nyepesi yenye kifuniko cha kijani.
- Rangi za akriliki za maji, chupa sita tu: nyeupe, nyeusi, kahawia iliyokoza, kahawia nyekundu, rangi ya mchanga na bluu. Nyingine utazichanganya.
- Brashi mbili zenye ncha kali, namba 1 na namba 2. Acha zile za sifuri tatu. Zinabeba rangi kidogo mno, na kwenye joto letu rangi hiyo inakauka kabla brashi haijafika kwenye sanamu.
- Vanishi mbili za kupaka kwa brashi, moja ya kung'aa na moja isiyong'aa.

Vya hapa mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, duka la dawa na jikoni kwako: msasa namba 400, 600 na 1000, koleo ndogo ya kukatia nyaya, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, mswaki wa zamani, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, gundi nyeupe ya mbao, supaglu, kipande cha kigae cheupe cha kuchanganyia rangi, kopo la siagi lenye mfuniko, karatasi ya kuokea, na vizibo vya chupa za maji vya kushikia sanamu.

Praima nimeiweka peke yake. Ukipata iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli, nunua. Ukikosa, praima ya kijivu ya magari hufanya kazi, lakini baadhi yake ina thina kali inayokula plastiki. Ipulize kwanza kwenye kipande cha fremu tupu, yaani ule mti wa plastiki unaobeba vipande, ngoja saa moja, kisha tazama. Uso ukikunjamana au ukinata, usiisogeze karibu na sanamu.

Onyo. Usitumie gundi ya mabomba ya maji. Ni kali mno na italainisha uso wa sanamu hadi pua ipotee. Kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni nacho kiweke mbali kabisa, maana asetoni inayeyusha polistirini.

## Hatua ya 1: Jua plastiki uliyonayo

Chukua kipande cha fremu, ukipinde. Kikivunjika na kuacha alama nyeupe, hiyo ni polistirini, plastiki ngumu, na gundi ya kuyeyusha itaishika. Kikipinda kama mrija na kurudi taratibu, una plastiki laini ya polithini, ambayo hutumika kwenye askari wengi wa 1/72 wanaouzwa wakiwa wazima.

Watu wengi wanaruka jaribio hili la sekunde tano, halafu wanalalamika kwamba gundi haishiki. Gundi hiyo haigandishi kama gundi ya mbao. Inalainisha nyuso mbili, zinachanganyika, kisha kiyeyushi kinaruka hewani na vipande viwili vinakuwa kimoja. Polithini haiyeyuki kwa gundi hiyo hata ukiimwaga chupa nzima.

Kwa plastiki laini utatumia supaglu, ingawa haishiki kwa nguvu, na bunduki iliyopinda utainyoosha kwa kuitia kwenye maji ya moto, kuishika ikiwa imenyooka, kisha kuizamisha kwenye maji baridi. Ile ngumu usiitie maji ya moto. Polistirini hulainika inapokaribia nyuzi 100, na vipande vyembamba hupinda mapema zaidi.

## Hatua ya 2: Osha, tena kwa bidii

Kiwandani plastiki humiminwa kwenye kalibu, na mara nyingi kalibu hupakwa mafuta ili vipande vitoke bila kung'ang'ania. Mabaki ya mafuta hayo huja na fremu hadi mezani kwako. Ongeza jasho la vidole. Rangi ya maji haishiki kwenye mafuta, inakaa juu yake tu ikingoja mguso wa kwanza.

1. Tia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, na matone matatu ya sabuni ya vyombo.
2. Loweka fremu nzima dakika kumi, bila kukata kitu.
3. Sugua kwa mswaki laini, ukiingia kwenye mikunjo ya nguo na chini ya kofia.
4. Suuza mara mbili. Maji ya kisima ya pwani mara nyingi yana chumvi, kwa hiyo mara ya mwisho suuza kwa maji ya kunywa.
5. Kausha kivulini juu ya taulo safi, saa tatu au nne. Usianike juani juu ya bati.

Utajuaje imeoshwa? Usiipime kwa kumwagia maji. Hata plastiki safi huyakataa maji kwa asili yake, nayo hujikusanya matonematone kama umande kwenye jani la mgomba. Ile ngumu isugue kwa bidii, ile laini mara mbili, na uiamini kazi ya mkono wako.

Kuanzia hapa shika sanamu kwa kizibo au kijiti, si kwa vidole.

## Hatua ya 3: Kata, kwangua, unga

Kata kila kipande mara mbili. Mara ya kwanza kata mbali, ukiacha kikonyo cha milimita mbili au tatu, na mara ya pili kata karibu. Ukikata karibu moja kwa moja, plastiki inang'oka na kuacha shimo.

Sasa tafuta mstari wa kalibu, ule ukingo mwembamba unaozunguka sanamu pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Hauonekani vizuri kabla ya rangi, ila ukishapaka unajitokeza kama mshono wa gunia. Ugeuze sanamu chini ya taa, uupapase kwa ukucha, kisha uukwangue kwa mgongo wa kisu, bila kutumia makali. Malizia kwa msasa 600 uliolowa maji. Maji huzuia vumbi lisipae ukalivuta. Kwa plastiki laini msasa huleta manyoya, kwa hiyo kata mstari kwa wembe mpya na uishie hapo.

Kabla ya gundi, kutanisha vipande vikavu. Vikikaa sawa, vishike pamoja, gusa mshono kwa brashi ya gundi mara moja. Gundi nyepesi inaingia yenyewe kwenye upenyo. Bana sekunde thelathini, weka chini, uache hadi kesho.

Ukiona ufa, kuna dawa isiyohitaji kuagizwa. Katakata vipande vya fremu iliyobaki, vitie kwenye kichupa chenye gundi kidogo, uache usiku mmoja. Utapata uji wa plastiki ileile. Jaza ufa, ngoja siku mbili, piga msasa. Naupenda uji huu kuliko vijazio vya dukani kwa sababu ukikauka unakuwa sehemu ya sanamu.

Kuhusu supaglu. Supaglu hugandishwa na unyevu, na Tanga unyevu haupungui. Inashika haraka kuliko unavyotegemea, na mvuke wake huacha unga mweupe kuzunguka mshono. Weka tone dogo kwa ncha ya sindano, tena mbele ya feni ili mvuke uondoke. Weupe ukitokea, usiukwangue, praima itaufunika.

## Hatua ya 4: Praima, na saa ya kuipuliza

Hapa ndipo sanamu nane kati ya zile kumi na moja zilipoharibikia.

Praima ya kopo hutoka ikiwa na kiyeyushi kinachoruka haraka. Kinaporuka hupoza uso wa sanamu, na hewa yenye unyevu ikikutana na uso uliopoa huacha matone madogo mno, ambayo yananaswa ndani ya rangi. Ndio huo weupe. Ndiyo sababu pia praima inashika juujuu na kubanduka kwa ganda.

Unyevu wa hewa huwa mkubwa alfajiri na hupungua jua linapopanda. Kwa hiyo puliza kati ya saa sita na saa tisa mchana, siku ya jua, wewe ukiwa kivulini. Kipima unyevu kidogo kikisoma chini ya asilimia 70, endelea. Baada ya mvua subiri hadi kesho yake. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na masika haijaanza, ndiyo miezi yangu ya kupuliza sanamu za nusu mwaka mzima. Aprili na Mei kopo nalifungia kabatini na praima naipaka kwa brashi.

Walio Raskazone au karibu na bandari wana jambo moja zaidi. Upepo wa baharini hubeba chumvi. Pulizieni upande wa nyumba uliokingwa na bahari.

1. Tikisa kopo dakika mbili kamili.
2. Simamisha sanamu kwenye kizibo ndani ya boksi lililokatwa upande mmoja.
3. Shika kopo sentimita 20 hadi 25 mbali. Ukisogea karibu sana, rangi inafurika na kujaza mikunjo. Ukiwa mbali sana, kwenye joto letu rangi hukauka ikiwa bado hewani na kutua kama mchanga.
4. Anza kupuliza nje ya sanamu, pita juu yake, malizia nje. Mipito mifupi, kamwe usisimame.
5. Ngoja dakika kumi na tano, geuza, rudia. Mkono wa kwanza ukiacha plastiki ikichungulia hapa na pale, ni sawa.

Vaa barakoa ya mafundi rangi, kaa nje, na hakikisha hakuna jiko la mkaa wala la gesi linalowaka jirani. Mvuke wa kopo unashika moto.

Kwa plastiki laini, kabla ya praima paka mkono mmoja mwembamba wa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka inajikunja pamoja na plastiki, na rangi inapata pa kushika.

Acha saa 24. Kipimo cha mafanikio: uso hauna mng'ao, mikunjo yote ya nguo inasomeka, na ukikwaruza chini ya unyayo kwa ukucha hakuna kinachobanduka. Kikibanduka, usipake rangi juu yake ukitumaini mema. Nenda sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

## Hatua ya 5: Zimua rangi hadi iwe tui la pili

Rangi kutoka kwenye chupa ni tui la kwanza, zito, linaloganda kwenye kingo. Unachotaka ni tui la pili: linateleza, lakini bado lina weupe wake. Kwa kawaida ni tone moja la maji kwa matone mawili ya rangi, ila kila chupa ina tabia yake. Paka kidogo kwenye kigae. Ukiona kigae kwa mbali kupitia rangi na bado haikimbii, umefika.

Usipake chini ya panga boi linalozunguka. Rangi inakauka kwenye kigae, brashi inakuwa ngumu, na vumbi linatua kwenye uso wa askari wako. Ukishindwa na joto, tumia kopo la siagi: tandika tishu zilizoloweshwa ndani yake, weka karatasi ya kuokea juu, na changanyia rangi hapo. Unyevu unapanda taratibu na rangi inakaa mbichi saa nyingi. Funika mfuniko unapoondoka, lakini usiache zaidi ya siku mbili. Kwa joto letu kopo hilo huanza kunuka.

Chovya nusu ya nywele za brashi tu. Rangi ikifika kwenye bati la brashi, inakauka mle ndani na ncha inapasuka. Kisha gusa tishu kabla ya kugusa sanamu. Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mzito, na kati ya mmoja na mwingine mimi nangoja dakika arobaini wakati wa kaskazi na saa moja na nusu wakati wa masika. Gusa sehemu iliyofichika kwa mgongo wa kidole: ikiwa baridi kuliko mazingira yake, maji bado yanatoka.

## Hatua ya 6: Ngozi kwanza, halafu nguo, halafu vifaa

Paka kutoka ndani kwenda nje, kama mtu anavyovaa. Ukiteleza na kugusa kola unapopaka shingo, kola itapakwa baadaye na kosa litafunikwa.

Kwenye ngozi nataka kukaa kidogo, maana karatasi nyingi za maelekezo zinamfikiria mtu mweupe, na wenzetu wanapojaribu kupaka Mwafrika wanachukua kahawia, wanaongeza nyeupe ili kuipa mwanga, na uso unatoka umepauka kama wa mtu asiyejipaka mafuta. Nyeupe inaua ngozi yetu. Fanya hivi:

- Msingi: kahawia iliyokoza sehemu tatu, kahawia nyekundu sehemu moja. Mikono miwili.
- Kivuli: msingi uleule na tone la bluu, uliozimuliwa sana, ukiingizwa chini ya kidevu, pembeni mwa pua na katikati ya vidole. Bluu hukipa kivuli kina. Nyeusi hukifanya kama masizi.
- Mwanga: msingi na kahawia nyekundu zaidi, kwenye paji la uso, mashavu, mgongo wa pua na vifundo vya vidole. Kisha nukta ndogo za msingi na rangi ya mchanga, mahali jua linapopiga tu.
- Viganja na nyayo: ongeza rangi ya mchanga kwenye msingi.

Na tafadhali, usipake kikosi kizima kwa mchanganyiko mmoja. Simama Barabara ya Kumi na Mbili pale Ngamiani dakika tano, utazame wapita njia. Kuna wa rangi ya kahawa, wa rangi ya tende, wa maji ya kunde. Askari wa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kati ya Wajerumani na Waingereza, ambao wengi wenu mnawapaka, walitoka makabila mengi na hawakufanana.

Macho yaanze kabla ya kumaliza uso. Weka shimo jeusi, juu yake mstari wa nyeupe iliyochanganywa na mchanga kidogo, kisha nukta ya kahawia. Kope zirekebishwe kwa rangi ya ngozi. Kwenye 1/72 acha kivuli peke yake, kinatosha. Jicho lililopakwa kwenye kichwa cha milimita tatu humfanya askari aonekane ameshtuka.

Kanzu nyeupe usiianze na nyeupe. Anza na mchanga uliochanganywa na kijivu, panda hatua kwa hatua, nyeupe tupu ibaki kwenye migongo ya mikunjo tu. Kaki ni rangi ya mchanga yenye tone la kahawia.

Nguo zikikauka, zimua kahawia iliyokoza hadi iwe kama chai ya rangi, uipitishe juu ya mikunjo. Itatelemka yenyewe kwenye mabonde. Ikituama mahali, inyonye kwa brashi kavu, maana dimbwi likikauka linaacha duara. Kesho yake chovya brashi kuukuu kwenye kaki iliyopaushwa kidogo, ifute kwenye tishu mpaka uone kama haina kitu, kisha ipitishe haraka juu ya migongo ya mikunjo. Vifungo na mikanda vitajitokeza.

## Hatua ya 7: Ardhi ya kusimamia

Mchanga wa ufukweni ni mzuri, lakini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu: gundi haikauki sawasawa na baada ya mwezi fuwele nyeupe zinachomoza. Uoshe mara nne kwa maji ya kunywa, ukaange kwenye kikaango kikavu hadi upoteze harufu ya bahari, upepete kwa chujio la chai.

Paka gundi ya mbao kwenye kisahani cha plastiki. Usitumie kadibodi, itapinda. Nyunyiza mchanga, acha usiku kucha, kisha paka kahawia.

Kwa majani hatuna haja ya kuagiza chochote. Tuko kwenye mji wa mkonge. Chukua nyuzi za kamba ya mkonge, zitie rangi kwa akriliki iliyozimuliwa, kausha, kata urefu wa milimita tano, zisimamishe kwa makundi madogo kwenye tone la gundi. Zinasimama wima na zina rangi ya nyasi za kiangazi hata bila kupakwa.

## Hatua ya 8: Vanishi

Ngoja siku mbili baada ya rangi ya mwisho. Paka kwanza vanishi ya kung'aa, kwa sababu ndiyo ngumu zaidi, kisha siku inayofuata isiyong'aa ili kuondoa mng'ao. Nimeacha kabisa vanishi ya kopo isiyong'aa. Hapa pwani ni bahati nasibu, na mtu aliyemaliza wiki tatu kwenye uso mmoja hastahili kuipoteza kwa sekunde mbili.

Aliyekwishapuliza na kuona ukungu mweupe asikate tamaa: mara nyingi mkono mmoja wa vanishi ya kung'aa kwa brashi huujaza ukungu na rangi zinarudi.

Weka sanamu kabatini, mbali na dirisha, pamoja na vile vifuko vya kuzuia unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu.

## Ikiwa yako imekwishabanduka

Usitupe. Tafuta pombe ya isopropili. Mafundi simu wanaijua, wanaoshea mbao za simu. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, zamisha sanamu nusu saa hadi saa tatu, kisha sugua kwa mswaki ukiwa umevaa glavu, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Akriliki itatoka kwa vipande na plastiki ngumu itabaki salama. Viungo vya supaglu huenda vikaachia, viunge upya. Suuza, kausha, halafu rudi Hatua ya 2 ukiwa na sabuni.